Mgeni Njoo, Makadara Ipae

Kuna habari moja isiyochoka kurudi hapa Nairobi. Kila baada ya misimu michache ya mvua utasikia shirika la ndege la bei nafuu kutoka ng'ambo linatafakari kuanzisha safari za ndani ya Kenya. Haliji, linatafakari. Wajumbe wametua, wamelala hoteli nzuri, wamemwona mkubwa fulani, wamepigwa picha wakishikana mikono, wamerudi kwao kuendelea kutafakari. Sisi huku Makadara habari hiyo hutufikia kwenye kipande cha gazeti kilichofungia maandazi, na kabla chai haijapoa kuna mtu ameshapanda.

Mtu huyo kwa kawaida ni jirani yangu Baba Shiro. Ana madeni kwa kinyozi, kwa mama mboga na kwa mwenye duka la nafaka, lakini akisikia "thao mbili mpaka Kisumu" huanza kupanga ratiba ya waziri. Asubuhi atakunywa chai nyumbani, saa saba atakuwa Dunga anakula samaki, saa kumi na moja amerudi steji ya Hamza kucheza drafti kwa vifuniko vya soda. Vijana wa baze wanamsikiliza macho yakiwatoka. Kazi ya kuwaharibia starehe huachiwa mimi.

Basi na niwaharibie. Mwaka 2012 kampuni iliyoitwa fastjet, yenye hisa kwenye soko la London na baraka za Stelios Haji-Ioannou, yule aliyeanzisha easyJet mwaka 1995, ilinunua biashara ya ndege ya kampuni ya Lonrho. Novemba mwaka huo ikaanza kuruka Tanzania: Dar kwenda Mwanza, Dar kwenda Kilimanjaro, kwa Airbus A319, nauli za chini kabisa zikiwa shilingi 32,000 za kwao, kama dola 20 hivi. Watu waliozoea kushinda kutwa nzima ndani ya basi la Mwanza walifika kabla chapati waliyobeba haijakauka. Ndege zilichorwa kichwa cha kasuku wa kijivu, na hapo ndipo Makadara ilipopagawa. Sisi Kasuku tunamjua kwa mkebe. Mafuta ya kupikia yakiisha, mkebe hupimia maharagwe sokoni, huchotea maji bafuni, na uzeeni hupandwa kitunguu ukawekwa kwenye ngazi ya ghorofa. Shirika lenye kasuku tuliliona la nyumbani.

Hakuna aliyesoma mstari wa chini wa tangazo: hizo 32,000 ni kabla ya kodi.

Kenya ilikuwa ifuate mara moja. Kwenye ule ununuzi, fastjet ilirithi ubia ndani ya Fly540, shirika la hapa lililoanza kuruka Nairobi–Mombasa mwaka 2006, na badala ya kupaa wakaanza kugombana na upande wa Kenya kuhusu pesa na jina. Januari 2013 wakageukia Jetlink. Hawa nao walikuwa Wakenya hodari, ila miezi miwili tu nyuma, Novemba 2012, walikuwa wamesimamisha ndege zao kwa sababu pesa zao zilikwama Juba. Waliwabeba watu wa Sudan Kusini, wakalipwa kwa sarafu ya huko, na dola za kubadilisha zikakosekana. Kwa hiyo mwenye ndege asiye na pesa alikaa kikao na mwenye pesa asiye na leseni. Hayo mazungumzo nayo yakafa.

"Lakini kwani anga lina geti?" Baba Shiro huuliza nikifika hapo. "Si washuke JKIA, wapakie watu, waende zao Kisumu?"

Hapana, buda. Wewe unaijua steji. Gari la sacco nyingine likiingia hapa Hamza na kuanza kuita abiria, dereva hajamaliza kukanyaga breki na makanga wetu wameshang'oa waipa. Mataifa yalikutana Chicago mwaka 1944 yakaandika jambo hilohilo kwa lugha ya mawakili: kila nchi ina haki ya kukataza ndege ya mgeni kubeba abiria kati ya miji yake. Emirates wana uwezo wa kununua Makadara yote pamoja na mahakama yetu, lakini hawawezi kukutoa Nairobi wakakushusha Mombasa. Hata Umoja wa Afrika ulipozindua soko la pamoja la anga mwaka 2018, Kenya ikiwa mojawapo ya waliotia saini, safari za ndani ya nchi ziliachwa nje ya makubaliano. Ukitaka kuruka ndani ya Kenya, sajili kampuni ya Kenya, na angalau asilimia 51 iwe mikononi mwa Wakenya. Na hapo ndipo mgeni hugundua kwamba nchi hii imejaa watu walio tayari kumiliki asilimia 51 bila kuwa na shilingi 51.

Hata kuvuka mpaka tu kulikuwa na kisa chake. Kenya ilikataza magari ya watalii ya Tanzania kuingia JKIA. Machi 2015 Tanzania ikajibu kwa kupunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki, mpaka marais wakakaa wakaelewana. Piga hesabu mwenyewe: safari 28 za angani kwa wiki, zimeangushwa na vani ya watalii. Fastjet ilipotua Nairobi kwa safari za kawaida ilikuwa Januari 2016, tena ikitoka Dar na Kilimanjaro, si kwa safari za ndani, na haikudumu. Mwishoni mwa 2018 hata Tanzania kwenyewe ikaacha kuruka.

Wazee wa Jericho na Maringo hawashangai. Wao walishamwona mgeni wa bei nafuu akija na kuondoka, ila yule alikuja kwa magurudumu. Mwaka 1991 Stagecoach, kampuni ya mabasi kutoka Scotland, ilinunua Kenya Bus Service, mabasi yaliyokuwa mjini tangu 1934. Wakaja na ratiba. Ratiba, kwenye Jogoo Road! Matatu zilikuwa zimeruhusiwa na Mzee Kenyatta mwaka 1973 kubeba abiria bila kuhangaishwa na leseni ya usafiri, na tangu hapo hazijawahi kuwa na ratiba, zina makanga. Basi la Mskoti lilifika steji kwa wakati wake, likawakuta abiria wameshabebwa na Nissan iliyopita dakika mbili kabla, kwa nauli pungufu, muziki juu. Basi lililipa kodi, lilimlipa dereva likizo, lilisimama palipoandikwa lisimame. Halikuwa na maisha. Mwaka 1998 Waskoti waliuza wakaenda zao, na mimi bado nawakumbuka kwa kitu kimoja: makondakta wao walirudisha chenji.

Tuliambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Makadara yuko kwenye foleni ya kupona tangu wakati huo.

Haki lazima isemwe, Kenya Airways ilipoona wageni wananusa mlangoni ilijizalia shirika lake la bei nafuu, Jambojet, likaanza kuruka tarehe 1 Aprili 2014. Siku ya wajinga. Nauli za kuanzia zilikuwa Sh2,850 kwenda Mombasa, Kisumu au Eldoret, na baze nzima ilikataa kuamini mpaka tarehe mbili. Lakini ilikuwa kweli, na kuna watu wengi wa mitaa hii waliopanda ndege mara ya kwanza maishani kwa sababu hiyo. Sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni na nyumba yangu. Mama Kevo aliona nauli kwenye simu ya kijana wetu, ya shirika ambalo halikuhusu na lenyewe halinijui, akaamua kwamba tutaenda kumwona mama yake, upande wa Kisumu, kwa ndege kama watu. Nikamwambia basi linatosha. Akaniuliza, "Baba Kevo, ni mpaka tufe ndipo turuke?" Kwa swali hilo hakuna jibu ambalo mwanamume anaweza kulitoa na bado akapewa chakula cha jioni.

Kevo akaanza kubonyeza. Nauli ilikuwa nzuri kweli. Kisha simu ikauliza kama tuna mzigo. Kisha ikauliza kama tungependa kuchagua viti, kwa ada, au tukubali kutawanywa. Kisha bima ikawa imejichagua yenyewe. Nikainuka kutafuta miwani nisome vizuri. Niliporudi nauli ilikuwa nyingine. Kijana akanieleza kwamba viti havina bei moja: vichache vya kwanza huuzwa kwa ile bei ya tangazo, na kadiri ndege inavyojaa, au sikukuu inavyokaribia, kompyuta inapandisha. Makanga wa Jogoo Road akipandisha nauli mvua ikinyesha tunamwita mwizi na kumtishia kwa polisi. Hawa wanapandisha hata jua likiwaka, na tunaambiwa ni teknolojia.

Tukaja kwenye begi. Begi la mkononi halipaswi kuzidi kilo saba. Mama Kevo alikuwa ameandaa sukari, unga wa ngano, blanketi, leso mbili, sufuria na redio ya mzee. Hiyo ndiyo maana ya kwenda nyumbani. Mtoto wa kike hafiki kwa mama yake akiwa na tabasamu tu. Tukapunguza, tukavaa tulichoweza kuvaa, mimi nikavaa koti juu ya koti, kisha tukapeleka begi kwenye mizani ya bucha. Mizani ya bucha yetu kila mtu anaijua. Nyama ikiwa robo tatu, yenyewe inasoma kilo. Nikajua kama begi limepita hapo, litapita popote. Likasoma kilo saba kamili. Uwanjani likasoma kilo nane na nusu. Nimeishi Makadara maisha yangu yote na sikujua kuna mizani inayoweza kumshinda bucha.

Tukalipa.

Halafu kuna saa. Kiti cha bei nzuri ni cha ndege ya alfajiri, na ndege ya alfajiri inakutaka uwanjani usiku. Kutoka hapa mchana utapanda gari la Jogoo Road uunganishe, na nauli yote haifiki mia mbili. Saa tisa za usiku utapanda teksi, na dereva anayekujua ni mtu wa kuruka hakupunguzii. Teksi hiyo peke yake ilikula karibu nusu ya nauli ya mtu mmoja. Unafika kwenye geti, unashushwa, unatembea kwa miguu kupita kwenye mashine huku gari likikaguliwa, unapanda tena, unashuka tena, unavua mkanda, unavua viatu. Nilikuwa nimeshika suruali kwa mkono mmoja na makoti mawili kwa mwingine nilipokumbuka kitu alichokuwa akisema marehemu mzee wangu. JKIA, uwanja huu wa Embakasi uliofunguliwa mwaka 1958, ulijengwa kwa jasho la mahabusu wa Hali ya Hatari ya mkoloni. Mwaka 1954 Operesheni Anvil ilifagia mitaa ya Eastlands nyumba kwa nyumba, na wanaume wakabebwa kwa malori. Wapo waliochimba njia ya ndege bila malipo, na wajukuu wao sasa wanatozwa ada ya abiria ndani ya tiketi. Sikumwambia askari wa mashine. Alikuwa ameshika sufuria yetu anaitazama kwa shaka.

Kupaa kwenyewe ni kuzuri. Siwezi kudanganya. Bonde la Ufa linapita chini yako kabla hujamaliza kufunga mkanda vizuri, na chini ya saa moja unaona ziwa. Mama Kevo alikuwa safu ya nne dirishani, mimi safu ya ishirini katikati ya mabwana wawili waliolala, kwa sababu hatukulipia kukaa pamoja. Baada ya hapo tukapanda matatu, tukangoja ijae, tukashuka, tukapanda boda. Tulitumia muda mwingi zaidi kutoka uwanja wa Kisumu hadi bomani kuliko kutoka Nairobi hadi Kisumu. Hakuna shirika la ng'ambo linalotafakari kuhusu hicho kipande.

Wakati wa kurudi mama mkwe akanipa jogoo. Mwekundu, mzito, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Mkwe hakatai kuku. Afadhali ukatae mke. Kwenye basi, jogoo huwekwa buti, utingo anapewa hamsini yake, na mnafika wote watatu salama. Kwenye ndege nilitazamwa nikaambiwa wanyama hai hawaruhusiwi. Nikauliza kama kuna ada. Kwa kila kitu kingine kulikuwa na ada. Kwa jogoo, hakuna. Nikamwachia kijana wa boda aliyetuleta, jogoo ambaye alikuwa njiani kuja Jogoo Road. Usiku mama mkwe akapiga simu kuuliza kama aliiva vizuri. Nikamwambia, "Aliiva, mama, asante sana." Uongo huo haukuwa kwenye bei ya tiketi, lakini nimekuwa nikiulipia kwa awamu.

Watu wanaosoma sana huniambia tatizo si ndege, ni mimi. Wanasema mtindo huu umefaulu kote: Southwest walianza Texas mwaka 1971, wakaja Ryanair na easyJet. Ndege za aina moja ili fundi na vipuri viwe vya aina moja. Ndege ikitua, ishushe, ipakie, iondoke ndani ya nusu saa, kwa sababu ndege iliyosimama hailipi mkopo wake. Chakula uza. Begi uza. Sawa, nimeelewa. Lakini mtindo huo unataka ndege ijae kwenda na kurudi, siku zote. Hapa kwetu, tarehe 20 Desemba Nairobi nzima inaelekea magharibi na hakuna anayerudi; Januari magharibi nzima inarudi na hakuna anayeenda. Wenye mabasi wanalijua hilo, ndiyo maana Desemba wanakutoza nauli ya kwenda pamoja na ya gari kurudi tupu. Na mafuta ya ndege hayajui kama wewe ni shirika la bei nafuu. Yanauzwa bei ileile kwa mwenye shampeni na kwa mwenye kuuza karanga.

Treni nayo msinitajie. Mwaka 2017 Madaraka Express ilianza kwa Sh700 hadi Mombasa na sote tukaimba. Ikawa Sh1,000, na tangu Januari 2024 ni Sh1,500. Bado si mbaya, lakini nimejifunza: bei ya uzinduzi ni ya kupigwa picha. Ya kusafiri huja baadaye.

Kwa hiyo ninyi mnaotafakari, popote mlipo, njooni. Sheria mnaijua, asilimia 51 mtazitafutia wenyewe. Ninachoomba mimi ni tangazo lenye namba moja. Kodi iwe ndani, begi liwe ndani, mume na mke wakae safu moja bila kulipia ndoa yao mara ya pili. Kama ni elfu sita, andikeni elfu sita. Mama Kevo ataisoma, atanuna, ataweka akiba, na siku moja atalipa. Msimwandikie elfu mbili halafu mkamdai elfu nne zilizobaki kwenye foleni ya mizani.

Na wewe msomaji unayetaka kufika Kisumu Desemba hii, usiwangoje. Nenda steji ya Machakos Country Bus hapa Nairobi, ile ambayo sisi wa mitaani tunaiita Machakos Airport, kakate tiketi mapema kabla hawajapandisha. Basi la usiku linaondoka saa tatu, asubuhi uko huko, na jogoo anaruhusiwa.